Andika Hatujambo

Göteborg, Uswidi
3 Februari 1974

Mama mpenzi,

Shikamoo, na ya baba umfikishie. Mie mzima, baridi tu ndiyo adui. Mwandiko wako umenyooka. Mwalimu wa kisomo mpe soda.

Mashine ya kupimia uimara wa vyuma nimeizoea. Ina namna tatu za kuiendesha: unaiamuru ivute kwa nguvu fulani, au isogee kwa mwendo fulani, au irefushe chuma kwa kiasi fulani. Muda wote inajipima na kujirekebisha ifuate amri. Hiyo ya tatu sijafundishwa. Nikitaka, wananiongezea miezi sita.

Kifua cha baba vipi? Mkisema nirudi, narudi Machi.

Mwanao,
Jamali


Temeke
26 Februari 1974

Mwanangu Jamali,

Marahaba. Sisi hatujambo sote, baba yako hajambo, hofu ni kwako tu uliye mbali.

Jirani yetu Mfaume kaja, kauliza unasomea nini. Baba kamjibu, "Kuvunja vyuma." Mfaume kasema, "Si angebaki bandarini? Mbona sie twavivunja bila cheti!" Baba kacheka mpaka kakohoa.

Anasema umalize hiyo ya tatu.

Mama yako


Göteborg
19 Mei 1974

Mama,

Shikamoo. Mie mzima.

Jana nimeharibu kazi. Namna ya tatu hutegemea kipimo kidogo kinachobanwa juu ya chuma, kuiambia mashine chuma kimerefuka kiasi gani. Sikukikaza, kikateleza. Kikawa kinaleta habari ileile: bado, bado. Mashine ikazidi kuvuta mpaka chuma kikakatika. Mwalimu akasema mashine haina kosa, imeamini ilichoambiwa.

Mama, kila barua yako inasema hatujambo kwa maneno yaleyale. Baba mwenyewe haongezi hata mstari. Niambie kweli.

Mwanao,
Jamali


Temeke
8 Juni 1974

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo sote, baba yako hajambo, anakusalimu sana. Soma.

Mama yako


Temeke
2 Septemba 1974

Jamali,

Baba yako tumemzika Ijumaa, baada ya sala. Mfaume ndiye aliyeshuka kaburini mahali pako.

Tangu Januari alikuwa hainuki kitandani. Kila nikishika kalamu ananiambia, "Andika hatujambo. Akijua atarudi." Barua yako ya chuma nilimsomea mara mbili. Aligeukia ukutani. Kisha akasema, "Andika vilevile." Nikaandika.

Najua mwezi huu unamaliza. Shati lake la kazi sijalifua.

Ulipouliza kama urudi Machi, jibu lilikuwa rudi.

Mama yako,
Mwajabu