Marumaru ya Mama

Kaka yangu,

Huku tu wazima, ila paa la jikoni limeanza tena kuvuja. Jioni nasoma Kichina, maana dukani kwetu marumaru yote inatoka kwa Wachina, na tajiri anataka mtu wa kuongea na wauzaji.

Juzi tulifundishwa neno gumu: shechi. Ndiyo anasa, ile ya kupita kiasi. Mwalimu akataka kila mmoja atunge sentensi. Wenzangu wakataja magari na saa za dhahabu. Mimi nikasema, "Mama alipoomba godoro jipya, kaka alisema ni anasa, sasa Mama amekufa, kaka anamjengea kaburi la marumaru."

Mwalimu akanirekebisha matamshi tu. Sentensi, akasema, haina kosa.

Mzigo wako umefika, nimeupokea mwenyewe. Marumaru safi, laini kabisa. Nimeipapasa, nikakumbuka mgongo wa Mama ulivyochubuka kitandani. Mafundi wanaanza kesho, na watu watakusifu sana. Kweli maiti haulizwi sanda. Mama angeulizwa, bado angesema godoro.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa nikimgeuza.