Udongo Uliokataa Kushikana

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi, mgongo unaniuma, na moshi haujatoka kwenye leso yangu.

Leo tumefungua tanuru hapa Kambi Muru. Udongo wa ndani wa jiko kubwa tunaloitengenezea shule ya nasari ya Kawangware umetoka mwekundu, laini, bila ufa hata mmoja. Mama Brayo, mwenzangu wa kazi, akapiga makofi. Mimi nikaugonga kwa kidole.

Haukulia kama udongo ulioshikana vizuri. Ni kama kugonga mkate.

Nilijua kwa nini. Sisi huchoma unga wa udongo kwanza juu ya bati, ndio tuuchanganye na udongo mbichi. Unga uliochomwa umeshanywea, kwa hivyo jiko halipasuki tanurini. Lakini ukizidisha moto, punje zinakuwa sugu, hazitaki tena kushikana na kitu.

Na siku ya kuchoma unga huo ilikuwa siku ya maombi ya akina mama, tena yalikuwa hapa kwetu. Aliyeomba ni Mama Brayo, na yeye akianza huombea ukoo mzima, mmoja mmoja. Nilifumbua jicho moja nikaona bati limeiva jekundu. Nani angesimama katikati ya maombi? Nikalifumba. Baadaye tulitumia unga huo huo, hatukuwa na mwingine.

Leo alinibembeleza tupeleke hivyo hivyo. Jiko la zamani la nasari lilibomoka, mpishi anangoja, na watoto wanakula mkate mkavu na baridi hii yote.

"Mama Faith, kwani nani ataugonga huko?" akaniuliza. "Si hata unapendeza kuliko ule wako wa kila siku?"

Nilicheka, Mungu anajua. Halafu nikaiona akilini sufuria ya uji ikichemka juu yake, na wale wadogo wamepanga foleni na vikombe.

Nikaukandamiza ukingoni kwa kiganja. Ukamenyeka kama biskuti.

Mama Brayo akachukua nyundo mwenyewe. Akauvunja.

Nimempigia mpishi simu. Hajanigombeza, ameuliza tu Jumatatu awaambie watoto nini.

Nimechoka, Baba Mungu. Kuchoma unga upya, kukausha, tanuru tena, si kazi ya siku moja. Kwa hivyo Jumatatu nitabeba jiko langu la nyumbani, dogo hivyo hivyo, nilipeleke Kawangware. Uji utapikwa kidogo kidogo, lakini utakuwa moto.

Sisi hapa nyumbani tutapikia wapi? Hapo bado sijafika.