Vidole Vinne Kati ya Jicho na Darubini

Jumamosi, jioni. Mvua ilinyesha hadi saa nne asubuhi, kisha jua likatoka kali, na sasa nyumba nzima inanuka nguo zilizokauka nusu.

Leo tumenunua darubini ya bunduki.

Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili, maana sikutarajia kuiandika. Kwa miaka kumi na mmoja nilitangaza habari za vita Kivu. Nilipofika Durban, Afrika Kusini, na kuanza kuandika habari za kesi, niliamua kwamba bunduki nitazikuta mahakamani tu, zikiwa na kibandiko cha namba ya kesi.

Lakini Papa Neema anajifunza kulenga shabaha za mbali, na Papa Neema ni mume wangu.

Yeye ni fundi simu. Ana meza moja katikati ya mji, kwenye chumba anachogawana na wasusi wawili. Kwa miaka kumi na saba amekaa hapo na kioo kidogo cha kukuza, kile cheusi cha kubana kwenye jicho, akiunga nyaya nyembamba kuliko unywele. Mwaka jana mteja wake mmoja alimpeleka kwenye klabu ya kulenga shabaha, akarudi na uso wa mtu aliyetoka kulala vizuri. Nilimuuliza anatafuta nini kule, kama ninavyomuuliza mtu yeyote.

“Mama Neema, siku yote naangalia kitu iko karibu na pua,” alisema. “Nataka kuangalia kitu iko mbali.”

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu.

Tangu hapo amepita kila hatua: mafunzo, mtihani, leseni iliyochelewa mpaka tukaacha kuitaja, kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti. Mita mia moja anapiga vizuri bila darubini. Kwa mita mia tatu, klabu ilimwambia, anaihitaji. Kesho ndiyo mara yake ya kwanza.

Kwa kuwa bajeti ni rand elfu nne, nilifanya ninachojua kufanya: niliuliza watu. Wanachama watatu wa klabu, kwa simu, kila mmoja peke yake. Wote walisema mwanafunzi asihangaike na namba kubwa ya kukuza. Anunue kioo safi na vifundo vya kuzungusha vinavyosema kweli. Vifundo hivyo husogeza alama ya kulengea. Ukizungusha mibofyo ishirini kwenda na ishirini kurudi, alama lazima irudi palepale.

Duka liko Jacobs, kati ya viwanda. Muuzaji alituwekea mbili zinazolingana na pesa yetu, akatuambia tuangalie kupitia mlangoni, ng'ambo ya reli, kwenye kibao cha onyo ukutani mwa kiwanda. Ya kwanza inakuza mara ishirini na nne. Nilipoifikisha mwisho, kibao kilififia na kutetemeka kama kinaonekana kupitia mvuke wa sufuria. Ya pili inaishia mara kumi na mbili. Nilisoma kibao mpaka mstari wa mwisho, na nilipozungusha vifundo, alama ilirudi palepale.

Papa Neema akaijaribu hiyo ya pili.

“Hii iko mubaya. Giza tupu.”

“Mimi nimesoma kibao chote.”

“Wewe macho yako ni ya mwandishi. Yanaona mpaka kitu haiko.”

Muuzaji hajui Kiswahili, lakini alicheka kwa adabu.

Ndipo nikaacha kuangalia darubini nikamwangalia mume wangu. Alikuwa ameiweka kama anavyoweka kioo chake cha kazini, ukingo wa chuma ukigusa kope. Nilijua maana yake. Kivu niliwahi kuwahoji walinzi wa hifadhi, na wawili walikuwa na kovu la mwezi mwandamo juu ya nyusi. Nilidhani ni vita. Walinicheka: ni darubini zao wenyewe. Bunduki ikipiga teke, bomba lote linarudi nyuma, na aliyesogeza jicho karibu anapasuliwa. Hao walipona na kovu. Si lazima iishie kovu.

Jicho lile la kulia ndilo duka letu, ndilo linalotulisha.

Sikutaka kumfundisha mbele ya mtu habari za vioo, yeye ambaye watu wanavuka mji kumletea vitu vyao vidogo vilivyoharibika. Nikaweka vidole vyangu vinne, vimebanana, kati ya unyusi wake na darubini, nikamsukuma kichwa nyuma taratibu.

“Mama Neema, unaniwekea mikono kama pasta wa kanisa?”

“Nyamaza. Angalia.”

Aliangalia tena, kutoka mbali.

“Eh! Imefunguka.”

Tuliinunua hiyo. Kwenye gari nilimweleza habari za walinzi. Aligusa unyusi wake.

Nyumbani aliiegemeza darubini juu ya vitabu mezani, bila bunduki, akilenga kreni za bandarini. Nilikaa pembeni na daftari. Kila mara asimame, atembee, arudi, aweke jicho. Katika mara kumi za kwanza alisogea mno mara sita. Kumi zilizofuata, mara tatu. Kumi za mwisho, mbili. Shingo ina desturi yake ya miaka kumi na saba, na hawezi kuiamuru kila mara.

Nakiri: kwa dakika chache nilitumaini atashindwa kabisa, tuirudishe dukani.

Mbili katika kumi ni nyingi mno. Nilimwambia hivyo. Alikaa akifuta kioo na kitambaa chake cha kazini, polepole, mpaka nikadhani ameghairi. Kisha akainama tena, safari hii kwa jicho la kushoto. Akasimama, akarudi. Tena. Sikuamini, nikampima kwa vidole kila mara. Kumi kwa kumi, alikuwa mbali inavyotakiwa.

“Hili halijafundishwa kitu,” alisema. “Basi halina cha kusahau.”

Gharama yake anaijua. Itabidi abadilishe bega, na mpini wa kufungulia bunduki utakuwa upande usiofaa. Mita mia moja alizozizoea, hata hizo ataanza upya, mbele ya wenzake.

“Watanicheka.”

“Watakucheka.”

“Na mita mia tatu nitakosa zote.”

“Zote.”

“Eish, Mama Neema! Hata moja?”

Nimewahoji makamanda waliopoteza vijiji vizima kwa sababu hawakutaka kuonekana wanarudi nyuma. Mume wangu amerudi nyuma leo, mezani, kabla ya chakula, kisha akauliza kama iko maharage.

Sijawahi kukanyaga kwenye klabu hiyo. Huwa namwambia nina kazi, na mara nyingi si kweli. Amelala sasa kwenye kochi, mdomo wazi. Hajui kwamba nimeshaweka viatu vyangu vya mvua na daftari mlangoni. Wanasema anayejifunza anahitaji mtu wa kumwambia kila risasi imeangukia wapi. Nitamwambia ukweli, moja baada ya nyingine, zote atakazokosa.