Mwalimu Leipakoa, Aliyekataa Kusema Yumi

Mwaka umetimia, Mama, tangu tukulaze katika ardhi ya watu wako, hapa kaskazini mwa kisiwa cha Efate, Vanuatu. Papa bado anakutolea kikombe asubuhi, kisha anakirudisha kabatini akijifanya amekosea.

Hukuwa mpole kama walivyosema kanisani. Ulikuwa na ulimi. Biskuti yako ikizama kwenye chai, wa kulaumiwa alikuwa Papa. Lakini mtoto akikosea kusoma hukumcheka hata mara moja. Ulikaa naye mkekani, ukamwuliza kitu alichosoma kitabuni kinaitwaje kwao kwa Kinakanamanga, lugha yetu, na somo likaanzia hapo.

Nje ya darasa lako, mambo ya shule yalikuwa mengine. Mtoto aliyeponyokwa na neno la Kinakanamanga au la Kibislama, lugha inayounganisha visiwa vyetu vyote, alipewa panga akafyeke majani juani. Mwalimu mkuu, mzaliwa wa kisiwa hikihiki, alizungumza Kiingereza tu ndani ya uzio ili awe mfano. Kwenye vikao vya wazazi, mkalimani wake ulikuwa wewe.

Siku moja kikaoni alitangaza kwa Kiingereza kwamba "sisi tumeamua" adhabu iongezwe: atakayerudia kosa atakaa nyumbani wiki nzima. Kiingereza kina sisi moja. Kibislama kinazo mbili: yumi, yaani sisi pamoja na wewe unayesikiliza, na mifala, yaani sisi bila wewe. Ulitafsiri "mifala tumeamua", yaani wao bila wazazi. Mama mdogo Leinasei, aliyekuwa na watoto wawili pale shuleni, akasimama.

"Mifala nani hao? Mbona mimi mzazi sikuitwa popote?"

Mwalimu mkuu alikuinamia akakunong'oneza useme yumi. Ulimjibu kwa sauti iliyofika hadi viti vya nyuma.

"Siwezi, Hedmasta. Hawa hawakuwepo."

Muhula uliofuata hukupewa darasa. Tulikukasirikia, Mama, tusifiche. Neno moja tu lingekuachia kazi uliyoipenda kuliko chakula. Wewe ukahamishia mkeka wako kwenye ukumbi wa kanisa, ukafundisha watoto kusoma kwanza kwa lugha ya bibi zao, Kiingereza kikafuata. Wazazi nao walikomaa na swali la Leinasei mpaka wakaitwa kikaoni, na adhabu ikafutwa. Kazi yako haikurudi, na jambo hilo linatuuma mpaka leo.

Wiki hii tumelijenga kaburi lako kwa saruji, na fundi akataka maneno ya kuandika. Mama mdogo alimpa maneno yenye yumi ndani yake, ili uhesabiwe bado kati yetu. Tulilia, tukakubali. Papa aliyasoma mara mbili, akamrudishia karatasi.

"Shemeji, hayupo," alisema. "Alipoteza kazi kwa kukataa kumhesabu mtu ambaye hakuwepo. Mwandikie mifala."

Ndivyo ilivyoandikwa.

Unakumbukwa na mumeo Kalmari, wanao Leimas na Toara, mdogo wako Leinasei, wajukuu zako, na wote uliowafundisha kwenye mkeka.

Mifala i no save fogetem yu. Sisi, bila wewe, hatutakusahau kamwe.