Kijiko cha Unga wa Maboga

Kasulu, 3 Machi 2024

Mwanangu Kezia,

Hujambo huko Murungu? Sisi wazima, mguu tu ndio unanisumbua. Simu yako anaishika mumeo Bazilio, ndiyo maana naandika. Unasema moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, Bazilio akikohoa tu nje unaruka. Nesi wa lishe kaniambia mbegu za maboga zina madini yanayosaidia mishipa ya fahamu, na mchaichai huenda ukapunguza wasiwasi, ingawa wataalamu bado wanachunguza. Kahawa acha, inachochea moyo. Nimekutwangia mbegu, unga huo hapo. Na Bazilio mtilie kijiko kwenye pombe, asijue. Labda naye atapoa.

Mama yako

Murungu, 19 Machi

Mama,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Nisamehe mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Unajua kwetu mwenye kutoa pombe huonja kwanza. Nilionja, kisha nikatia unga. Bazilio akaniona, akadhani sumu. Akasema, "Onja tena." Nikanywa kibuyu kizima mbele yake. Nilipokosa kufa akasema nilishakunywa kinga. Akanipiga kwa mchi. Mkono wa kulia umevunjika, meno mawili nimeyatema uani. Sasa amenoa panga, ameliegemeza mlangoni. Unga uliobaki nimeulamba wote. Bado natetemeka.

Mwanao

Kasulu, 22 Machi

Kezia,

Leo hata salamu sina. Mzee mzima mimi, mzaliwa wa Murungu, nakufundisha kumtilia mtu kitu kwenye pombe iliyokwisha kuonjwa! Maji yameshamwagika. Ondoka. Usingoje kikao cha ukoo, usifuate nguo. Nenda kwa shangazi yako huko Kasanda. Nijibu hata neno moja.

Mama

Kasulu, 30 Machi

Kezia,

Barua hii nampa dereva wa basi la Murungu aifikishe kwa shangazi, huenda uko huko. Anasema nyumba yenu imefungwa, damu imekauka kizingitini. Sili. Ijumaa nakwenda Murungu kukutafuta, hata kwa kutambaa.

Mama

Kasanda, 1 Aprili

Mama,

Shikamoo. Murungu usiende. Damu ile ni yetu wote wawili. Alinikata begani, nikampiga goti kwa mchi uleule, likavunjika. Amelazwa, polisi wako kando ya kitanda chake. Mimi nimeshonwa.

Jana shangazi alinipa kahawa, nzito kweli. Nikanywa vikombe vitatu, nikalala mpaka saa nne asubuhi. Mikono imetulia, Mama.

Ijumaa njoo huku. Mbegu ziache, lete kahawa.

Mwanao