Siku Tano Kabla ya Kung'oa

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, maana najua ukifungua tu barua hii utaniamkia. Shangazi yako hajambo, anakusalimu sana, na magoti yake ni yale yale. Mimi ningekwambia ni mzima wa afya, lakini nitakuwa nakudanganya, na wewe daktari utanigundua hata kwa mwandiko.

Ni jino. Lile gego la chini, kushoto, la mwisho kabisa, ambalo marehemu mama yako alikuwa akinisihi niling'oe tangu wewe uko shule ya msingi. Sasa limeamua. Shavu limevimba mpaka watoto wa jirani wananiuliza nimeficha nini mdomoni. Wiki nzima nakunywa uji. Juzi nilikuwa juu ya ngazi nachora bango la duka la dawa, nimefika herufi ya nne, likanichoma ghafla nikamwaga kopo zima la rangi nyekundu mlangoni kwa mtu. Mwenye duka hakucheka.

Nimekwenda zahanati. Kuna daktari wa meno kijana, ndevu bado hazijamkubali. Akaligonga jino kwa chuma, akasema limeoza mpaka mzizini, halizibiki, ling'olewe. Halafu akaniuliza natumia dawa gani. Nikamtajia ile ya kila jioni, niliyoandikiwa mwaka juzi moyo uliponishika, ya kuzuia damu isigande. Akasema nisiiache hata siku moja. Eti atanipima damu kwanza, atang'oa asubuhi na mapema, atashona ufizi, na nitakaa hapo hapo mpaka damu ikatike.

Sasa nimebaki najiuliza. Dawa inaifanya damu iwe nyepesi, na yeye anataka kunitoboa ikiwa bado imo mwilini? Si nitavuja mpaka niishe? Naogopa, mwanangu, sikufichi. Nimemwambia sikubali mpaka nipate neno la daktari wangu. Akauliza, daktari gani huyo? Nikamwambia, binti yangu, amesomea meno nje, ana mwaka wa nne kazini.

Basi niandikie upesi. Niambie nifanye nini na nisifanye nini. Nitafuata neno kwa neno.

Ni mimi baba yako.

*

15 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika jana, nimeisoma nimesimama. Pole sana kwa maumivu, na pole kwa rangi. Msalimie shangazi, mwambie asiache kukanda magoti. Mimi ni mzima, kazi tu ndiyo nyingi. Mikono imechubuka kwa dawa za kuoshea vyombo, lakini hilo si la kukuhangaisha.

Usiogope sindano ya ganzi. Inauma kama kuchomwa na mwiba, kisha mdomo unakuwa si wako. Utamsikia daktari akisukuma na kuvuta, utasikia hata mlio, ila maumivu hapana. Ukisikia maumivu inua mkono, ataongeza ganzi. Usijikaze kiume, hakuna anayekupa zawadi.

Likishatoka utapewa kitambaa cha pamba ukiume. King'ate nusu saa bila kukitoa kuchungulia. Nakujua, utataka kuchungulia. Ile damu inayoganda shimoni ndiyo kifuniko cha kidonda, ikitoka utaumia kuliko jino lenyewe. Kwa hiyo siku ile usisukutue, usitemeteme mate, usinywe kwa mrija, na sigara yako ya baada ya kazi iache kabisa. Kula vitu laini, visiwe vya moto, na utafune upande wa kulia. Siku ya pili ndiyo uanze kusukutua polepole na maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Maumivu yakizidi badala ya kupungua baada ya siku tatu, au ukipata homa, rudi kwake usingoje.

Kuhusu ile dawa ya jioni, iache siku tano kabla, na usiirudie mpaka kidonda kifunge vizuri. Ndivyo wanavyoambiwa wagonjwa huku kwetu. Huyo kijana huenda bado anajifunza.

Niandikie likitoka, roho yangu iko juu.

Binti yako.

*

2 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na pokea salamu kutoka kwa mtu mwenye jino moja pungufu. Natumaini kazi haikuchoshi sana. Ila nimeshangaa, daktari mzima unaosha vyombo mwenyewe mpaka mikono inachubuka? Hakuna mtu wa kazi hiyo huko? Waambie wakuajirie mmoja.

Limetoka juzi. Shangazi yako alinisindikiza, akashinda kwenye benchi akisali kwa sauti mpaka wauguzi wakamwomba apunguze. Barua yako nilikuwa nayo mfukoni, nimeisoma mpaka imeanza kuchanika mikunjoni. Dawa niliacha tarehe ishirini na sita, siku tano kamili kama ulivyosema. Kijana akanipima damu, akaangalia karatasi, akaniangalia, akaniuliza kama kweli nameza dawa yangu. Nikamwambia nameza. Akauliza mara ya pili. Nikamwambia tena nameza. Sikutaka kubishana na mtu aliyeshika koleo. Akasema basi kuna jambo haliko sawa, niende hospitali kubwa wiki hii hii nikamwone daktari wa moyo. Nikamwambia nitakwenda. Ya nini, wakati najua sababu?

Ganzi ilikuwa kama ulivyosema. Mlio niliusikia, nikadhani ni taya. Damu haikutoka hata ya kujaza kijiko, na kitambaa niliuma dakika arobaini, nimekuzidishia kumi. Kijana mwenyewe alishangaa. Nilipokuwa natoka nilimwonyesha barua yako kwa mbali, sikumpa asome. Nilijisikia vizuri sana, mama. Sijajisikia vile tangu siku uliyoondoka na lile sanduku la kuazima.

Shimo bado lipo, naligusa kwa ulimi ingawa najua ungenikataza. Dawa sijairudia. Nangoja kifunge.

Baba yako.

*

TELEGRAMU
11 Aprili

BABA ANZA DAWA YA MOYO LEO. USINGOJE KIDONDA. MWAMBIE DAKTARI ULIIACHA. BARUA INAFUATA. BINTI YAKO

*

29 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Salamu. Utaona mwandiko ni wa shangazi yako. Mimi nasema yeye anaandika, na ukikuta sentensi imekatika ujue ni ulimi wangu, unachelewa kufika. Nimemwambia aandike kila ninachosema, asipambe.

Tarehe tisa asubuhi nilikuwa nanyoa ndevu. Wembe ukaanguka. Nikainama kuuokota, mkono ukakataa. Nikataka kumwita shangazi yako, ikatoka sauti tu. Wanasema ni kiharusi, damu iliganda ikapanda kichwani. Upande wa kulia wote umekufa, mguu unaanza kuamka kidogo, mkono bado. Niko wodini, kitanda cha pili kutoka dirishani. Mwenzangu wa kitanda cha kwanza anakoroma kama ana mashindano.

Telegramu yako ilinikuta hapa. Sasa nisikilize vizuri. Mimi nimechora mabango miaka thelathini na saba, maandishi ya mtu nayajua. Ile karatasi haina mwandiko. Herufi za mashine, kila mtu anaweza kuzituma. Barua yako inasema niache mpaka kidonda kifunge, mkono wako mwenyewe, naujua ule mkia unaouweka kwenye herufi ya mwisho. Telegramu inasema nianze. Nimewaza, hawa wa hospitali wamechukua habari zako kwa shangazi yako, wakapanga waniandikie kama wewe ili nikubali vidonge vyao. Kila jioni wananiletea vidonge vile vile. Wanasema nisipomeza kitakuja kiharusi kingine, na cha pili huwa hakiachi mtu. Mimi nawaambia nina daktari wangu.

Wamesema barua inafuata. Siku kumi na nane, haijafika. Niambie kwa mkono wako, nifanye nini na huu mkono, na vile vidonge nivimeze au nivikatae. Nasubiri neno lako.

Baba yako.

Mwanangu, hapa chini ni mimi shangazi, yeye amelala. Vidonge anaviweka chini ya ulimi, muuguzi akipita anavitema. Jana nimevikuta saba chini ya mto. Hanisikilizi mimi wala mtu mwingine. Andika, tafadhali, anakusikiliza wewe peke yako.

*

8 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Salamu nyingine sina, nisamehe. Nimeipata barua leo mchana na naandika hapa hapa kazini, kwenye kichumba cha nyuma, nimekaa juu ya ndoo.

Kwanza, kabla hujasoma lingine lolote. Meza vile vidonge. Meza leo, kila jioni, kama wanavyokuandikia hapo, na usiache tena kwa maneno ya mtu yeyote ambaye si daktari anayekutibu. Huu ni mkono wangu. Telegramu niliituma mimi, nilipanga foleni posta tangu hawajafungua.

Sasa lingine. Baba, mimi si daktari. Sijawahi kuwa. Mwaka wa pili wa chuo nilishindwa mitihani, nikarudia, nikashindwa tena, wakanitoa. Wewe ulikuwa umeshawaambia watu wote. Nikakuandikia nimemaliza na nimepata kazi kliniki. Kazi nilipata kweli. Naosha vifaa. Koleo, sindano za chuma, trei, nachemsha, nakausha, nafuta sakafu. Ndiyo maana mikono imechubuka.

Ulipoandika kuhusu jino, yale ya kitambaa, ya chumvi na ya sigara niliyatoa kwenye karatasi wanayopewa wagonjwa mlangoni. Yale ni sahihi. La dawa halikuwa kwenye karatasi. Siku moja nilikuwa nyuma ya pazia nasugua trei, nikamsikia daktari akimwambia mama mmoja aache dawa ya damu siku tano. Sikusikia kwamba daktari wake wa moyo alikuwa ameshaandikiana na huyu wa meno. Sikusikia kwamba mama yule alikuwa anakwenda kupasuliwa taya, wala kwamba siku hizo angechomwa sindano nyingine ya kumlinda damu isigande. Nilisikia siku tano, nikazibeba, nikakupa wewe. Yule kijana wa zahanati alikuwa sahihi kwa kila neno. Mimi nikakwambia bado anajifunza.

Barua yako ya kwamba jino limetoka ilipofika, ile sehemu ya kipimo cha damu ilinitia baridi. Ndipo nikamuuliza daktari wa hapa, nikijifanya naulizia jirani. Akaacha alichokuwa anafanya. Akasema, huyo jirani yako ameze dawa sasa hivi, usiendelee kusimama hapo. Nikakimbilia posta wamefunga, nikarudi alfajiri. Kumbe wewe ulikuwa umeshaanguka siku mbili nyuma.

Barua niliyosema inafuata nimeianza mara nne. Kila nikifika pale pa kusema mimi ni nani, nachana. Siku kumi na nane ulizokuwa unangoja mwandiko wangu, mwandiko wangu ulikuwa kwenye ndoo ya takataka. Ningekuwa nimeandika mistari miwili tu ungekuwa unameza dawa tangu mwezi uliopita. Hilo sijui nitaliweka wapi.

Nitakuja. Naomba ruhusa, wasiponipa naacha kazi. Lakini usinisubiri mimi. Meza dawa.

Binti yako.

*

3 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hii naandika mwenyewe, mkono wa kushoto. Nina siku tatu juu ya karatasi hii. Herufi zinalala, utanivumilia.

Barua yako shangazi alinisomea. Nikamwambia asome tena. Alipotaka kusoma mara ya tatu nikamwomba atoke nje. Alikaa kwenye korido mpaka saa ya chakula.

Yule kijana wa zahanati alikuja kuniangalia. Alikuja kwa miguu, alileta machungwa. Nilimwambia yote, nilivyomdanganya mara mbili na kwa nini. Hakusema neno baya. Alinishika huu mkono uliokufa akaukanda kidogo, akaenda zake. Nililia, na sikuona aibu.

Sina hasira kwamba unaosha vyombo. Mimi nimeosha brashi maisha yangu yote. Ungeniambia umefeli ningelia siku moja, kesho yake ningekutumia nauli. Nina hasira kwamba ulijua hujui, na ukajibu. Na nina hasira na mimi, maana ningeweza kukuuliza unaendeleaje nikakuuliza kwa kweli, lakini nilikuwa nauliza ili nipate la kusimulia barazani.

Watu wananiuliza habari zako. Nawaambia hajambo, yuko kazini. Zaidi ya hapo sisemi.

Daktari anasema mkono hautarudi kushika brashi. Ngazi na makopo nimempa jirani.

Dawa nameza tangu siku ile ile, kila jioni, shangazi yako akiwa amesimama hapa. Usije kwanza. Na usiniandikie mpaka nitakapokuandikia mimi.

Baba yako.