Tepu niliyoilaza juu ya chai

Jumatano

Shemeji hakutuibia chochote. Makosa ni yangu, na sijui nitaanzia wapi kumwambia.

Jumapili nilipima shamba lake la chai. Nikailaza tepu juu ya majani, nikateremka nayo hadi kwenye mpaka wetu. Ikatoa mita nne zaidi ya zile za ramani. Nikasema mbele ya mama mkwe, "Shemeji, umekula mistari yetu mitatu ya chai!" Shemeji akacheka. "Mama Chebet, si umalize kozi ya upimaji kwanza?"

Tangu siku hiyo mama mkwe hajaongea na mwanawe huyo.

Leo mwalimu wa upimaji ametufundisha mteremkoni. Tepu haifuati mteremko. Inashikwa sawa kama maji kwenye sufuria, kipande kwa kipande, kwa sababu ramani hupima ardhi kana kwamba ni tambarare. Kumbe zile mita nne zilitoka kwenye mteremko.

Chebet ananivuta nguo nikiandika. Nimemwambia inatosha, halafu nimembeba.

Ningependa kumpigia shemeji simu tu, yaishe. Lakini nilimshtaki mbele ya mama yake... Kesho nitaenda na tepu. Shemeji ashike upande wa juu, mimi wa chini, na mama asimame karibu, asome namba mwenyewe.